Swali la mtoto lililomkaa baba kichwani kwa miaka 20

Watoto wana kipaji cha kuuliza maswali mazito wakati mbaya. Mama anageuza chapati, baba anatafuta chaja, na sauti inatoka mlangoni: kule juu, kati ya nyota na nyota, kuna nini? Wazazi wengi hujibu, "Hakuna kitu, kalale." Jibu hilo lina kasoro mbili. Mtoto halali, na isitoshe si kweli.

Mwanafizikia wa Marekani, William Edelstein, aliwahi kuulizwa swali la namna hiyo na mwanawe Arthur, wakati huo akiwa bado mtoto. Mazungumzo yalikuwa ya safari za angani, na mtoto alitaka kujua jambo moja: huko angani kuna msuguano? Yaani chombo kikienda mbio sana, kuna kitu cha kukikwaruza?

Edelstein hakuwa mtu wa kubahatisha. Alipokuwa Chuo Kikuu cha Aberdeen, Uskochi, alikuwa mmoja wa waliobuni mbinu za kupiga picha za ndani ya mwili kwa kutumia sumaku. Mgonjwa anayeandikiwa kipimo cha MRI leo, akaingizwa kwenye lile bomba linalogongagonga, ananufaika na kazi yake. Alimjibu mwanawe kwamba ndiyo, msuguano upo, ila kidogo sana, kwa sababu anga si tupu kabisa. Katika kila sentimita moja ya ujazo kuna atomu moja au mbili za haidrojeni.

Jibu lilimtosha mtoto. Halikumtosha baba.

Miaka ipatayo 20 baadaye, Februari 2010, Edelstein aliwaeleza wanafizikia wenzake mjini Washington hesabu alizokuwa akizipiga kutokana na swali lile. Mwaka 2012 zilichapishwa katika jarida la kisayansi, na jina la pili kwenye makala hiyo lilikuwa la Arthur. Walichokiona baba na mwana ni kwamba chombo kikikaribia mwendo wa nuru, zile atomu moja mbili zinatosha kuua kila aliyemo ndani.

Tupu, lakini si tupu

Kwanza ni vyema kuelewa uchache unaozungumzwa hapa. Chukua dadu la ludo. Hewa inayojaa nafasi ya dadu hilo sebuleni ina chembe zipatazo trilioni milioni 25. Nafasi hiyohiyo kati ya nyota na nyota, kwa wastani, ina atomu moja. Hakuna pampu duniani inayoweza kufyonza hewa kwenye chupa hadi ibaki hivyo.

Katika kila atomu 100 za huko, kama 91 ni haidrojeni na karibu 9 ni heliamu. Sehemu ndogo sana iliyobaki, isiyofika hata atomu moja, ndiyo imebeba vingine vyote: kaboni, oksijeni, chuma na kadhalika. Kisha kuna vumbi, ambalo ni kama asilimia moja tu ya uzito wote. Si vumbi la barabarani. Punje zake ni ndogo kiasi kwamba zikipangwa mstari, zinahitajika mamia ndipo zifikie unene wa unywele mmoja. Nyingine zina asili ya mchanga, nyingine zinafanana zaidi na masizi ya kibatari, na huzaliwa hasa nyota zinapozeeka na kutema tabaka zao za nje, au zinapolipuka.

Kitu kidogo hivyo kinawezaje kuwa na maana? Kwa sababu nafasi yenyewe ni kubwa mno. Nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, na bado huchukua zaidi ya miaka minne kutoka Alpha Centauri, mfumo wa nyota ulio jirani yetu kuliko yote. Kidogo mara kingi huwa kingi. Vumbi hilo likijikusanya linaziba nyota nzimanzima nyuma yake.

Binadamu waliliona zamani bila kujua wanaona nini. Wenyeji wa Australia waliyatazama mabaka meusi ya kwenye Njia Nyeupe, ule mkanda wa mwanga unaokata anga, wakaona ndani yake umbo la emu, ndege mkubwa wa kwao. Wainka wa Amerika Kusini waliona lama. Wanaastronomia wa Ulaya waliamini kwa muda mrefu kwamba ni matundu, sehemu zisizo na nyota. Mwaka 1904 Mjerumani Johannes Hartmann, akichunguza nuru ya nyota moja ya kundinyota la Jabari, aligundua alama za gesi ambayo haikuwa ya nyota ile bali ya njiani. Edward Barnard wa Marekani aliyapiga picha mabaka meusi na kutoa orodha yake mwaka 1919. Mwaka 1930 Robert Trumpler akaonyesha kwa vipimo kwamba nuru ya nyota za mbali hufifishwa na vumbi lililotapakaa njia nzima. Maana yake ni kwamba kila umbali uliokuwa umepimwa kwa kutazama ung'avu wa nyota ulibidi upigiwe hesabu upya.

Mwambao wa Kenya nao una sehemu yake katika habari za gesi za mbali. Desemba 12, 1970 chombo cha kwanza kilichotengenezwa mahsusi kupima miali ya eksirei kutoka angani kilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya, kilipewa jina la Uhuru. Ni hicho kilichosaidia kuonyesha kwamba makundi makubwa ya galaksi yamejaa gesi yenye joto kali.

Basi lisilo na kituo cha mafuta

Mtoto anayechora roketi huchora moto mkubwa nyuma yake. Mara chache huchora tangi. Hapo ndipo safari ya nyota inapokwama.

Basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma lina vituo vya mafuta njiani. Kama visingekuwepo, lingelazimika kubeba mafuta ya safari nzima. Mafuta hayo ni mzigo, na mzigo unataka mafuta zaidi ya kuubeba, ambayo nayo ni mzigo. Mwishowe abiria wanabaki na kiti kimoja nyuma ya tangi.

Mfano halisi upo. Kati ya mwaka 1973 na 1978, wanasayansi na wahandisi wa chama cha British Interplanetary Society walichora kwa makini chombo kisicho na watu cha kwenda kwenye nyota iitwayo Barnard, iliyo umbali wa karibu miaka sita ya nuru. Nyota hiyo ina jina la Barnard yuleyule wa mabaka meusi. Chombo, walichokiita Daedalus, kingefikia asilimia 12 ya mwendo wa nuru na kutumia kama miaka 50 njiani. Uzito wake wa kuanzia ulikuwa tani 54,000. Kati ya hizo, 50,000 zilikuwa mafuta, na sehemu yake ingebidi ichotwe kwenye hewa ya sayari ya Mshtarii. Vifaa vya uchunguzi, ambavyo ndivyo sababu ya safari yenyewe, vilipewa tani 450 hivi.

Robert Bussard, mwanafizikia wa Marekani, alikuwa ameshaliona tatizo hilo mapema. Mwaka 1960 alichapisha wazo ambalo hadi leo linawasisimua watu: kwa nini ubebe mafuta wakati yametapakaa njiani? Haidrojeni ndiyo inayowaka ndani ya Jua, kwa atomu zake kuungana na kuwa heliamu. Basi chombo kiwe na faneli kubwa ya nguvu ya sumaku mbele yake, kikusanye haidrojeni kinavyokwenda, kiiunganishe kwenye tanuri la nyuklia na kuitupa nyuma kwa nguvu.

Wanaoishi karibu na Kisiwa cha Mafia wanajua samaki anayefanya hivyohivyo. Papa potwe, pamoja na ukubwa wake wote, hula vijidudu visivyoonekana vizuri kwa macho. Hutembea mdomo wazi na bahari inamlisha.

Uzuri wa wazo la Bussard ni kwamba kadiri chombo kinavyokwenda kasi ndivyo kinavyokutana na mafuta mengi zaidi. Kwanza kingebidi kisukumwe kwa roketi ya kawaida, kama gari lenye betri mbovu linavyosukumwa ili liwake, kisha kingejiendesha chenyewe. Waandishi wa hadithi walilidaka wazo hilo mara moja. Hata chombo cha kwenye Star Trek kina vifaa vyenye jina la Bussard.

Hesabu ilivyokataa

Shida ya kwanza ni mdomo wenyewe. Chombo cha tani 1,000 kinachotaka kuongeza kasi kiasi cha abiria kujihisi na uzito ule wa duniani kingehitaji, mahali penye atomu moja kwa kila dadu la ludo, faneli yenye eneo la karibu kilomita za mraba milioni 10. Hiyo ni theluthi moja ya bara zima la Afrika. Na hapo tumechukulia kwamba hakuna hata atomu moja inayopotea.

Kisha Jua na majirani zake wako mahali pabaya pa kutafuta mafuta. Tupo ndani ya uwazi wenye upana wa miaka kama 1,000 ya nuru, uliosafishwa na milipuko ya nyota iliyoanza miaka ipatayo milioni 14 iliyopita. Gesi inayotuzunguka hapa haifiki hata atomu moja kwa dadu. Ni kama kuishi kwenye mtaa ambao mvua ilishazoa vumbi lote.

Chombo cha Voyager 1 kimelithibitisha hilo kwa kufika. Kilirushwa mwaka 1977, na Agosti 2012 kilitoka nje ya eneo linalotawaliwa na upepo wa Jua, kikiwa cha kwanza kuingia katika gesi ya kati ya nyota. Mwaka uliofuata mitetemo ya gesi hiyo ilinaswa na antena zake, na wataalamu wakaweza kukadiria wingi wake: elektroni kama 80 kwa lita nzima. Voyager huenda kilomita 17 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, umbali wa kufika Alpha Centauri ungekichukua zaidi ya miaka 70,000.

Shida ya pili ni moto. Haidrojeni ya kawaida ni kuni mbichi. Hata katikati ya Jua, penye joto la nyuzi milioni 15, atomu moja husubiri kwa wastani mabilioni ya miaka kabla haijaungana na mwenzake. Jua linang'aa kwa sababu ni kubwa, si kwa sababu linawaka kwa pupa. Mita moja ya ujazo katikati yake hutoa wati mia chache tu za joto, kiasi kinacholingana na lundo la mboji shambani. Mwaka 1975 Daniel Whitmire alipendekeza kaboni itumike kuharakisha mwako, kama inavyotokea ndani ya nyota kubwa. Hakuna aliyewahi kujenga tanuri la namna hiyo.

Lakini pigo kubwa lilitoka kwenye faneli. Miaka ya mwisho ya 1980, Robert Zubrin na Dana Andrews walipiga hesabu ya kinachotokea gesi inapogonga uga wa sumaku wa upana ule. Walikuta kwamba inakivuta chombo nyuma kuliko injini inavyoweza kukisukuma mbele. Aliyewahi kupanda bodaboda na kanga yake ikafunguka ikashika upepo anaelewa.

Wengine wangetupa karatasi kapuni. Hao wawili waliigeuza. Kama sumaku inakokota hivyo, wakasema, basi ni breki nzuri. Chombo kinachofika kwenye nyota kwa kasi kubwa kinahitaji kusimama, na kusimama nako kunakula mafuta sawa na kuondoka. Kwa breki ya sumaku, gesi ya njiani ingefanya kazi hiyo bure. Wazo la faneli lilizaa wazo la breki, na pengine la breki ndilo litakalotumika kwanza.

Ile faneli yenyewe haijasahauliwa. Miaka ya karibuni Peter Schattschneider wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Vienna na mwenzake Albert Jackson wa Marekani walirudia hesabu za sumaku kwa makini. Jibu lao lilikuwa kwamba ili chombo kipate nguvu iliyotarajiwa, koili za sumaku zingehitaji urefu wa kilomita milioni 150. Huo ndio umbali wa kutoka hapa hadi kwenye Jua.

Mdudu kwenye bodaboda

Mdudu akitua begani mwa mtu aliyeketi kibarazani, hana habari. Mdudu yuleyule akimpiga jichoni dereva wa bodaboda anayekimbiza, ni kisa kingine. Mdudu hajaongezeka uzito. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya pigo huongezeka mara nne, na ikiongezeka mara kumi, pigo linakuwa mara mia.

Mwaka 2016 bilionea Yuri Milner na mwanasayansi Stephen Hawking walitangaza mradi wa Breakthrough Starshot, wenye nia ya kutuma Alpha Centauri vyombo vyenye uzito wa gramu chache tu. Vingesukumwa na miale ya leza kutoka duniani hadi asilimia 20 ya mwendo wa nuru, yaani kilomita 60,000 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo Dar es Salaam hadi Nairobi ni kama sehemu moja ya mia ya sekunde, na Alpha Centauri ni miaka 20 na ushei. Mtoto anayeanza darasa la kwanza siku ya kurushwa angeona picha za kwanza kabla hajafika miaka 35. Bado hakuna chombo kilichorushwa.

Sasa weka vumbi mbele ya kasi hiyo. Punje moja ya kawaida ya vumbi la angani, ile isiyoonekana, ingegonga kwa nguvu ya karanga iliyoanguka kutoka mita mbili. Si kubwa, ila pigo lote linashukia mahali padogo kuliko ncha ya sindano, na chombo kina unene wa kadi ya simu. Punje kubwa yenye uzito wa miligramu moja, kama chembe ya mchanga wa pwani, ingelipuka kwa nguvu ya zaidi ya kilo 400 za baruti ya TNT. Bahati nzuri punje za ukubwa huo ni adimu sana njiani.

Mwaka 2017 watafiti wanne, miongoni mwao Thiem Hoang na Avi Loeb, walichapisha makadirio ya safari hiyo. Vumbi lingekwangua uso wa chombo kwa kina cha kama nusu milimita, na atomu nzito za gesi zingeharibu tabaka la sehemu moja ya kumi ya milimita ikiwa ni kioo cha kwatsi. Grafiti, ile iliyomo kwenye penseli za shule, ingestahimili atomu hizo vizuri zaidi. Ushauri mmoja unaorudiwa ni rahisi kiasi kwamba mtoto angeweza kuufikiria: chombo chembamba kisiruke kikiwa kimetandaza uso mbele, kiruke kwa ubavu, kama sahani inayopitishwa chini ya mlango.

Waliochora Daedalus nao walilifikiria vumbi. Waliweka mbele ngao ya madini ya berili yenye unene wa milimita 7 na uzito wa hadi tani 50. Kwa kuwa kuzunguka nyota huwa kuna mawe na vumbi zaidi, walipanga chombo kikikaribia kitangulize wingu la vumbi lake chenyewe kama kilomita 200 mbele, ili chochote kilichopo njiani kigongane na wingu hilo kwanza. Kwa maneno mengine, vumbi la kuzuia vumbi.

Hesabu za Edelstein na mwanawe zilihusu kasi kubwa zaidi, ile ya ndoto za filamu: asilimia 99.999998 ya mwendo wa nuru. Katika kasi hiyo saa za chomboni hupunguza mwendo kiasi kwamba safari ya miaka 50,000 ya nuru ingehisiwa na abiria kama miaka 10. Lakini kwa abiria hao, kila atomu ya haidrojeni inayokuja mbele si gesi tena. Ni mionzi, yenye nishati ya kiwango cha ile inayozalishwa kwenye mtambo mkubwa wa CERN ulio karibu na Geneva. Kipimo cha mionzi cha sievert 6 kinaweza kumuua mtu. Hapo abiria wangepata 10,000 kwa sekunde moja, na ukuta wa alumini wa sentimita 10 ungezuia chini ya asilimia moja ya nishati hiyo.

Kwa hiyo mtoto akiuliza kama watu watafika kwenye nyota, jibu la haki lina sehemu mbili. Vyombo vidogo, kwa kasi ya wastani, pengine ndiyo, na vumbi halionekani kuwa kizuizi cha mwisho. Watu kwenye chombo kinachokaribia mwendo wa nuru, kwa elimu iliyopo, hapana. Sehemu ya pili inauma zaidi kwa mtoto aliyekwisha chora roketi, lakini kumdanganya ni kumnyima tatizo zuri la kufanyia kazi.

Vumbi lililoletwa nyumbani

Kuna punje chache ambazo huenda zimefika duniani kutoka huko. Chombo cha NASA kiitwacho Stardust, kilichorushwa Februari 1999, kilibeba trei zenye erojeli, kitu chepesi mno kinachofanana na moshi ulioganda. Kazi yake kubwa ilikuwa kukusanya vumbi la kimondo chenye mkia kiitwacho Wild 2, ila upande wa pili wa trei uliachwa wazi kunasa vumbi linalopita kutoka nje ya mfumo wa Jua. Januari 2006 kapsuli yake ilitua Utah, Marekani.

Kuzitafuta punje hizo ndani ya trei kulishinda nguvu za maabara. Wataalamu wakaomba msaada wa umma: picha za hadubini ziliwekwa kwenye intaneti, na zaidi ya watu 30,000 wa kawaida, wakiwa nyumbani kwao, wakajitolea kuzipekua moja baada ya nyingine wakitafuta vijishimo. Mwaka 2014 yakatangazwa matokeo: punje saba zinazoonekana kuwa zimetoka kati ya nyota. Saba, baada ya miaka minane ya kutafuta.

Linaloonekana kutoka uani

Familia isiyo na darubini haikosi kitu. Inahitaji giza, na subira ya dakika 20 hadi 30 macho yazoee, simu zikiwa zimezimwa mwanga. Ukanda wetu wa Ikweta una upendeleo hapa, kwani huona anga za kusini ambazo Ulaya na sehemu kubwa ya Marekani hawazioni.

Kuanzia Juni hadi Agosti, saa mbili au tatu usiku, Njia Nyeupe hupita karibu na utosi. Ule ufa mweusi unaoipasua katikati si nafasi tupu. Ni vumbi. Aprili hadi Juni, Msalaba wa Kusini husimama vizuri upande wa kusini, na pembeni yake kuna baka jeusi ambalo mabaharia wa Ulaya waliliita Gunia la Makaa. Liko umbali wa miaka kama 600 ya nuru, na lina gesi ambayo Bussard angeifurahia. Nyota mbili zing'aazo kando ya Msalaba ni kama vidole vinavyouonyesha. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ndiyo Alpha Centauri. Mtoto wa Tabora au Machakos huiona kwa macho yake. Wa London haioni kamwe.

Desemba hadi Februari ni zamu ya Jabari. Chini ya nyota zake tatu zilizopangwa mstari kuna doa lenye ukungu. Hilo ni wingu la gesi na vumbi lililo umbali wa miaka kama 1,350 ya nuru, ambamo nyota mpya zinazaliwa. Simu yenye uwezo wa kupiga picha usiku, ikiegemezwa kwenye jiwe isitikisike, mara nyingi huonyesha ukungu huo vizuri kuliko jicho.

Karibu yake, kuelekea kaskazini, kuna Kilimia, kile kikundi cha nyota ambacho wakulima walikitumia kujua majira, na jina lake limetokana na kulima. Kwenye picha za darubini nyota zake zimezungukwa na utando wa buluu, nuru yao ikiwa imetawanywa na vumbi. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani ni mabaki ya wingu lililozizaa. Vipimo vikaonyesha vinginevyo. Vumbi hilo si la kwao. Kilimia kimelikuta njiani, na hivi sasa kinapita katikati yake.